Mustari ya Mama Kavira na cahier yangu

Admin, jina yangu ufiche, ya bengine nimebadilisha mimi mwenyewe. Niko mwanamuke ya miaka makumi tano na mbili, mama ya batoto ine, ninakaa Bungulu, hapa Beni. Musinianzie na pole. Ninaandika na hasira, na nusu ya ile hasira ni juu yangu mwenyewe.

Wakati ya rébellion, kaka yangu mukubwa, Yaya, alikuwa chef ya avenue, kiongozi ya mutaa yetu. Tulimuchagua sisi wenyewe. Kwetu karatasi ya kura haikuwako: mu cour, kiwanja ya masomo, kila candidat anasimama, batu banapanga mustari nyuma yake, secrétaire anahesabu, basi. Secrétaire njo mimi, juu masista balinifundisha kuandika muzuri. Mandat ya Yaya ilipoisha, akasema vita ingali, tungoje miezi tatu. Miezi tatu ikazaa ingine tatu. Tayari alikuwa anakunywa pombe na commandant ya basoda ba rébellion, na mutu akikosa salongo ya samedi, ile kazi ya kufagia barabara, Yaya anamufunga kwake mu depot ya makala ya kupikia. Hapana mutu alimupa ile nguvu. Alijipa, na sisi tukaangalia.

Mwisho batu bakachoka, bakalazimisha kura. Mama Kavira, muuzaji ya maharagi, akasimama naye. Mustari yake ilijaza cour, ikatoka mpaka ku barabara. Ya Yaya ilikuwa batu tisa, na mimi ndani. Nilifikiri atakasirika. Hapana. Alinikaribia pole pole, akasema: "Mudogo yangu, andika majina ya bale bote ba kule. Ni ya rapport tu."

Nikapita na cahier, daftari yangu ya secrétaire, mutu kwa mutu. Balikuwa banacheka. Baba Paluku, bwana ya Mama Kavira, aliniambia: "Andika jina muzima, na postnom, bajue ni mimi kabisa." Nikaandika, na jioni nikakopia majina yote ku karatasi, nikamupa Yaya.

Kisha siku tatu basoda ba ule commandant bakakuja na ile majina. Mulango kwa mulango, banaita, banabebesha batu mizigo mu pori. Baba Paluku alibeba caisse, sanduku ya risasi, siku ya lundi asubui. Hakurudia mpaka leo. Mama Kavira alimuwekea chakula mwezi muzima, anakatala kuvaa nguo ya matanga. Yaya akabaki chef, na hapana mutu alitaja tena kura.

Ile vita iliisha, ingine ikakuja, na yeye angali chef. Kila mara sababu iko: basoda, wakimbizi, magonjwa. Sasa miguu inamuuma, anataka cachet, ile muhuri ya chef, aachie mutoto yake sawa vile shamba ya familia. Avenue imekatala. Dimanche hii, kisha misa, mustari itapangwa tena. Juzi Yaya akaniita: "Leta cahier. Utaandika sawa ile siku."

Nikamujibu: "Ile siku uliuwisha mutu."

Akacheka. "Mimi? Mwandiko ni ya nani?"

Jana Mama Kavira naye akafika kwangu, na maharagi mu kitambaa sawa desturi yake. Yeye njo marraine, mama ya ubatizo ya binti yangu wa kwanza. Akasema: "Utatuhesabia wewe. Wewe tunakuamini." Miaka hii yote anafikiri cahier yangu ilikuwa ya kuhesabu tu, na Yaya alitoa majina mu kichwa yake. Nilipokea maharagi. Nikasema asante.

Nikikatala, Yaya atatafuta mukono ingine. Nikimuambia Mama Kavira ukweli, sijui kama atabakia na nguvu ya kusimama dimanche, na bale banaotaka kusimama nyuma yake bataogopa.

Ku padri nimeungama mara mingi: "Sikujua ile majina ni ya kazi gani." Padri ananiambia niende na amani. Mais cahier ningali nayo, chini ya kitanda yangu, na leo nimeifungua. Bwana yangu naye alisimama mu mustari ya Mama Kavira, nyuma tu ya Baba Paluku. Nilimupita karibu, tukaangaliana. Mu cahier, kisha Baba Paluku, kunafuata mutu mwengine. Jina ya bwana yangu haiko.

Donc nilijua.

Dimanche ni kesho kutwa. Munitukane kama munataka, ninastahili, mais munijibu: nimuambie mbele ya kura, ao ninyamaze na nihesabu?