Mama amekataa kulala juu ya vigae

Leo mamangu amehama nyumba yake mwenyewe, na mimi ndiye niliyemhamisha.

Nilimtafuta fundi atie vigae kule kwetu Kinondo. Nikachagua vile vinavyong'aa, kama vya hoteli ninayofanyia kazi Diani. Nilitaka mama apumzike na ile simiti iliyojaa mashimo.

Mchana fundi akanipigia simu. "Kazi imekwisha, ila mama hataki kuingia ndani."

Nikaenda mbio. Nilimkuta barazani, amekumbatia mto wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pamependeza, Mungu akujalie."

Nikamshika mkono tuingie. Mara mguu ukamteleza, akaning'ang'ania shingoni.

Nikamwambia atazoea. (Najuta kulisema neno hilo.)

"Nikivunjika nyonga mimi, sitainuka tena. Nipeleke kwa dadako."

Nimempeleka, na mto wake.

Sasa niko sebuleni peke yangu. Sakafu inang'aa hata najiona uso, na sina hamu ya kujiona.

Mlio na wazee nyumbani, nyinyi mlifanyaje? Msinicheke, tafadhali. Nataka tu kujua kama vigae hung'oleka.