Nyumba ya babu Unguja: niliyemwalika safarini aliingia, mimi nikabaki barazani

Wakuu, na hasa dada zangu mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, salamu kutoka Muscat.

Haya yalinikuta mwenyewe. Kuna mahali sionekani mtu mzuri, na kama ningetaka kupamba ningeanzia hapo. Sijapamba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mimi ni mwalimu, nakaa Bawshar hapa Muscat, na wazee wangu wote wawili wametoka Unguja. Nimezaliwa huku. Kiswahili nimekikuta nyumbani, lakini kisiwa chenyewe nilikuwa sijakikanyaga.

Nikapanga safari ya wanawake watupu, siku nane: binamu zangu wawili, jirani yangu, mwalimu mwenzangu na mimi.

Kwa mnaotaka kupanga kama hii, sikilizeni kidogo. Msizidi sita. Sita mnaenea gari moja na meza moja. Na vyumba mgawane kabla hamjaondoka, wawili wawili, maana ugomvi wa safari za wanawake huanzia vyumbani.

Sasa, watano hawagawanyiki wawili wawili. Nikamwalika Mercy, Mkenya aliyekuwa akinitengeneza nywele saluni moja ya Hamriya. Mcheshi, hana makuu, na alikuwa na likizo.

"Mwalimu, hata mimi nimechoka kuona Zanzibar kwa kalenda tu," akasema.

Nikamweka chumba kimoja na mimi.

Mama yangu aliondoka Unguja akiwa na mtoto mchanga, kaka yangu, na hakurudi tena. Wakati ule miguu ilikuwa haimruhusu kusafiri. Siku ya kuondoka aliniita.

"Nenda Malindi ya Unguja mjini, kwenye nyumba ya babu yako. Panda juu, chumba cha mkono wa kulia. Nnataka kujua nani analala mle."

"Hilo tu, mama?"

"Hilo tu. Mengine nnayajua."

Kwa msiojua: nyumba nyingi za watu waliohamia huku zilichukuliwa baada ya mapinduzi. Wanaokaa leo wengi wao walipewa au wamepanga, hawana kosa lolote. Lakini wakimwona mtu wa Muscat mlangoni wanaingiwa na wasiwasi.

Nilikuwa nalijua hilo. Pamoja na kulijua, nikafanya kosa ambalo watu wa aina yangu tu ndio tunaolifanya.

Siku ya tatu, sote sita tukapiga hodi. Akatoka mama wa makamo, uso wa bashasha. "Karibuni, karibuni. Maji mtakunywa?"

Nikajieleza. Halafu, kwa akili ya kiualimu ya kuleta ushahidi, nikatoa kwenye mkoba nakala ya hati ya zamani ya nyumba, yenye jina la babu. Nilitaka tu aniamini kuwa sisemi uongo.

Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi.

"Nyie wa Maskati mnakuja kwa hodi," akasema, "mnarudi na mawakili."

Mlango ukafungwa, taratibu, bila hata kelele.

Wenzangu wakaanza kuondoka. Mercy hakuondoka. Barazani alikuwa amekaa mtoto wa kike, nywele zimesukwa nusu, kitana kimenasa katikati.

"Nani amekuacha hivi?" Mercy akamuuliza.

"Dada. Mtoto wake analia."

Mercy akakaa, akamshika kichwa, akamaliza mistari iliyobaki. Mimi nilimsubiri nikiwa na hasira, nikiona anatuchelewesha. Yule mama alikuwa anatuangalia kutoka dirisha la juu. Akashuka tena.

"Weye si wa huko?"

"Mimi ni wa Nakuru, mama."

"Mikono yako mizuri. Mwanangu amejifungua, keshokutwa anatoka arobaini, na nywele zake hazitazamiki. Njoo juu unisaidie."

Mercy akanigeukia. Nikamwambia, "Nenda." Nililisema upesi.

Alikaa saa mbili.

Wivu wa mume naujua, na wa mawifi naujua. Huu ulikuwa mwingine. Nilikaa kwenye baraza ya babu yangu, nikisikia kicheko cha msusi wangu kikitoka kwenye dirisha la juu mkono wa kulia, dirisha la mama yangu.

Akatoka ananukia udi, ameshika sahani ya visheti. "Mwalimu, acha nikuambie vile huko juu..."

"Baadaye," nikasema. "Jua limenichosha."

Hiyo baadaye sikuiruhusu ifike. Tulipokwenda Paje, wale wanne walimzunguka Mercy kwenye maji ya kina kifupi wakisikiliza habari za ile nyumba. Mimi nikatembea na ufukwe mpaka sauti zao zikapotea. Nikabadilisha na chumba, nikidai Mercy anakoroma. Mercy hakoromi.

Nikarudi Muscat. Mama alikuwa ananingojea.

"Enhe. Uliingia?"

"Niliingia."

"Nani analala?"

"Hakuna mtu. Wamefanya stoo."

Sijui lile neno lilinitokaje. Nadhani nilitaka mle ndani pasiwe na kitu, ili na Mercy awe hajaona kitu.

Mama akasema "Aa," akaomba mto wake.

Wiki nzima hakuitaja nyumba, mama ambaye hakuwa akimaliza chakula bila kuitaja. Siku moja nikamsikia kwenye simu na kaka yangu. "Chumba nilokuzalia wewe," anamwambia, "wanaweka makopo."

Hapo nikachukua gari mpaka Hamriya. Nikakaa kwenye kiti cha saluni kama mteja.

"Nilidhani nimekukosea," Mercy akasema.

"Hujanikosea. Nilikuonea wivu."

Kitana kikasimama. "Kwa ile nyumba? Si ungeniambia nitoke."

"Ndiyo maana sikukwambia. Ungetoka."

Nikamweleza na ule uongo wa stoo niliompa mama, na siku yake ya mapumziko nikamleta nyumbani. Mama akamkalisha karibu yake, mimi nikakaa kwenye kiti cha pembeni.

"Mama, si stoo," Mercy akaanza. "Hicho chumba kina msichana amejifungua, ni mtoto wa kwanza. Kijana, ako na mashavu hivi."

Mama akamshika mkono. "Kitanda wamekiweka wapi?"

"Karibu na dirisha."

"Lipi? La njiani au la uani?"

"La njiani. Unasikia watu wakipita huko chini."

"Upepo unaingia?"

"Unaingia sana. Mtoto alilala nikisuka. Kabla ya hapo alikuwa analia kama ameandikwa kazi."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu nirudi. Kisha akanigeukia.

"Na weye Zuwena, ulikuwa wapi?"

"Barazani, mama. Sikuingia. Walinifungia mlango."

"Na stoo je?"

"Niliitunga. Niliona haya. Mgeni kaingia, mimi mjukuu nimebaki nje."



"Ningekwenda mimi," mama akasema, "ningekaa papo hapo ulipokaa. Unadhani mimi wangenifungulia?"

Halafu akamrudia Mercy. "Enhe, mtoto wamempa jina gani?"

Wakuu, wivu umepungua, haujaisha. Wageni wakija, mama huwahadithia "alivyoingia Mercy wetu", na mimi nazungusha kahawa nikisikiliza. Lakini nasikiliza. Kitanda kiko wapi, upepo unatokea upande gani, sasa na mimi najua.

Nilichojifunza ni hiki. Ukienda kutazama kwenu kwa zamani, karatasi acha nyumbani. Na kwenye safari ya kikundi mlango hautamfungukia kila mmoja. Ukimfungukia mwenzako, muulize siku ile ile, hata kama wivu umekushika, kwa sababu kuna mtu nyumbani anangoja jibu. Kwa dada mnaoogopa kupanga safari kama hizi, pangeni. Maswali ya viza, vyumba na nani alale na nani nitayajibu yote hapa chini, moja moja.

Na nyinyi je? Nani aliwahi kuingia mahali ulipodhani ni pako, na ulimpokeaje alipotoka?