Chakacha Ndani ya Kompyuta

Siku kinanda changu kilipocheza chenyewe kwa mara ya kwanza, nilitoka mbio hadi uani bila viatu, nikimwita shangazi kama mtu aliyeona nyoka. Shangazi alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi.

"Shangazi! Njoo! Njoo usikize!"

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Wewe njoo tu."

Alikuja na machicha mikononi. Nilibonyeza kitufe cha kompyuta, kisha nikainua mikono yangu yote miwili juu ili aione. Kinanda kikaanza kupiga ule utangulizi niliokuwa nimeupiga muda mfupi kabla, vilevile, hata pale kidole changu cha mwisho kilipoteleza. Shangazi akakizunguka, akachungulia nyuma, akauona waya uliotoka kinandani na kuingia kwenye kompyuta.

"Subhanallah," akasema. "Na wewe hukigusi?"

"Sikigusi."

"Hebu kiambie kirudie."

Kikarudia. Shangazi akaangua kicheko, akasahau nazi yake, akaketi kitandani kwangu na machicha yake.

Hiyo ilikuwa Timbwani, ng'ambo ya feri, miaka ya tisini ilipokuwa imefika katikati. Marehemu baba yangu aliongoza kikundi cha ngoma na tarabu, na shangazi, dada yake, ndiye aliyekuwa sauti ya kikundi hicho. Baba alinifundisha kinanda mimi binti yake tangu miguu yangu haijafika chini nikikaa kwenye kiti. Alipofariki, kikundi kilitawanyika. Mpiga vumi, ile ngoma kubwa, alihamia kwa watoto wake Kwale, wa chapuo, ngoma ndogo, akapata kazi melini, na wenye harusi wakaanza kukodi disko la kanda. Shangazi aliacha kuimba. Hakulalamika, lakini harusi ikipigwa mtaa wa pili alikuwa akifunga dirisha.

Kinanda kile aliniletea kaka yangu, aliyekuwa dereva Uarabuni. Kompyuta niliipata kazini. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Changamwe iliyoshughulika na kutoa mizigo bandarini, na ofisi iliponunua mashine mpya, mkubwa wetu aliturukhusu kuchukua za zamani. Mfanyakazi mwenzangu, mhasibu, kijana wa bara aliyekaa Chaani na kupiga kinanda kanisani kwao, ndiye aliyenitilia kadi ya sauti ndani ya ile mashine na kuniletea programu ya muziki kwenye flopi.

"Elewa kitu kimoja," aliniambia. "Kompyuta haijui sauti. Yenyewe inakumbuka vidole vyako tu: umebonyeza wapi, lini, na kwa nguvu gani. Sauti ni ya kinanda."

Maneno hayo yalinifungua macho. Kumbe kama nimepiga kwa sauti ya fidla, naweza kesho kubadilisha ikawa filimbi bila kupiga upya! Kumbe kidole kilichoteleza naweza kukitafuta kwenye kioo cha kompyuta, kikiwa kijistari kidogo katikati ya vijistari vingine, nikakisogeza kwa mausi hadi mahali pake! Nilikuwa nikitoka kazini nikipanda feri na moyo unanitangulia. Abiria wenzangu wakizungumza, mimi nilikuwa nikipanga fidla kichwani.

Wimbo niliouchagua ulikuwa wa baba, chakacha, ngoma ya kuzungusha kiuno, aliyoitunga kwa ajili ya harusi za ukoo wetu. Na kwa kuwa nilikuwa na sauti zaidi ya mia katika kinanda kimoja, nilizitia zote nilizozipenda. Juu ya ngoma na besi nilitia fidla, juu yake nikatia filimbi, tarumbeta zikajibu, gitaa likapita katikati, na kinubi nikakiweka kwa sababu tu kilikuwepo. Nilijiona nimemaliza kazi. Nikamwita shangazi aimbe.

Alijifunga leso kiunoni, akasafisha koo, akasubiri utangulizi uishe. Akafungua kinywa. Akakifunga. Wimbo ukampita.

"Anza tena," akasema.

Nikaanza tena. Safari hii aliimba mstari mmoja akanyamaza.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "umeijaza nyumba vyombo hata mlango hauonekani. Mimi nipite wapi?"

Niliumia, sitasema uongo. Lakini nilikaa nikaanza kunyamazisha sauti mojamoja. Nikanyamazisha kinubi, nikasikiza: hakuna kilichopungua. Nikanyamazisha tarumbeta: wimbo ukapumua. Mwisho nikabaki na ngoma, besi, fidla, na filimbi inayojibu pale tu shangazi anapovuta pumzi. Akaimba beti zote, na mimi nikajua jambo ambalo hadi leo namwambia kila anayeanza kupanga muziki kwa kompyuta: mwite mwimbaji mapema, kabla hujapenda kazi yako mwenyewe. Ukichelewa, utamlazimisha ajibane kwenye nafasi iliyobaki.

Jumamosi moja mwenzangu wa Chaani alivuka feri kuja kutuona. Alimsalimu shangazi kwa heshima, "Shikamoo, mama," akaitikiwa marahaba na kutengewa mahamri na mbaazi. Baada ya kula akasikiza wimbo, akatikisa kichwa.

"Ni poa sana, lakini ngoma zako zinayumba. Ona." Alinionyesha kwenye kioo jinsi mapigo yangu yalivyokuwa, mengine mbele kidogo ya mstari, mengine nyuma. "Kuna dawa."

Akabonyeza kitufe, na vijistari vyote vikaruka vikajipanga sawasawa kama watoto wa shule mwalimu mkuu akitokea. Tukapiga. Kweli, kila pigo lilikaa mahali pake. Mwenzangu akatabasamu. Shangazi akasimama, akajaribu kutikisa kiuno, akajaribu tena, akaketi.

"Baba," akamwambia mgeni wetu, "hii sasa ni gwaride. Kiuno changu si askari."

Tulicheka hadi mwenzangu akapaliwa na chai. Kisha tukataka kurudisha ngoma zilivyokuwa, na hapo kicheko kikakatika. Sikuwa na nakala. Nilikuwa nimehifadhi kazi mpya juu ya ile ya zamani, na ngoma zangu zinazoyumba zilikuwa zimekwenda. Tangu siku hiyo sijagusa kitufe chochote kabla ya kuhifadhi kazi kwa jina jingine.

Shangazi ndiye aliyeokoa siku. Alitoka uani akarudi na jerikeni tupu, akaliweka mapajani. "Mimi nitakupigia vumi kama lilivyokuwa likipigwa. Wewe nifuate kwa vidole."

Akaanza. Pigo lake zito lilikuwa likichelewa kidogo, kwa unywele tu, kana kwamba linakufanyia mzaha, halafu yale madogo yanakimbilia kulifikia. Nilimfuata kwenye kinanda mara nyingi hadi vidole vikashika. Baada ya vumi tukatia chapuo, kisha msondo, ngoma ndefu. Mwenzangu alikuwa amesogeza kiti karibu, mdomo wazi. Nilipopiga vyote pamoja, shangazi akasimama, na kiuno chake kikaanza kwenda kabla hata hajafika katikati ya chumba.

"Ehee!" akapiga kelele. "Ehee! Hiyo! Usiiguse tena hiyo!"

Mwenzangu aliomba nakala akasikize kwao. Alitaka kujua kuchelewa huko kunakaa wapi.

Baadaye nikajifunza kutoyaamini masikio yangu peke yake. Nilirekodi wimbo kwenye kanda nikaupeleka kwenye redio ndogo ya jikoni, na besi niliyojivunia ikapotea kabisa. Nikairudisha kwa kuipiga mara mbili, ya pili oktava moja juu zaidi, na hapo hata kwenye kile kijiredio ikasikika ikitembea.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa jamaa zetu wa Utange. Nilimwendea shangazi nikamwuliza kama angeimba. Alinitazama sana.

"Niimbe na kanda?" akauliza.

"Si kanda. Kanda haikungoji. Kompyuta itapiga yenyewe, lakini ukitaka ubeti urudiwe nitaurudia."

"Basi niombee sauti," akasema, na nikaona anajizuia asitabasamu.

Tulivifunga kompyuta na kinanda kwa leso na mito, tukavivusha feri kwa mkokoteni, na upande wa pili mwenzangu akatungoja na gari la kukopa. Utange tulipokewa kwa vigelegele kabla hata hatujashusha spika. Ngoma ilikuwa ya wanawake, kwa hiyo mwenzangu alituunganishia nyaya zote, akaaga, akaenda kukaa na wanaume nje ya ua wa makuti.

Shangazi alinikaribia sikioni. "Mwanangu, koo langu leo limekaza. Nishushie kidogo."

Hilo lilikuwa jambo rahisi, na nilifurahi kuonyesha urahisi wake. Nikachagua wimbo wote, nikaushusha sauti mbili, nikabonyeza.

Zilitoka kengele. Badala ya vumi ukasikika mlio wa sahani, badala ya chapuo njuga, na mahali pa msondo kitu kama mtu anayegonga mlango. Wanawake waliangua kicheko ua mzima. Bibi mmoja akauliza kwa sauti kama kompyuta imekunywa pombe. Nikasimamisha wimbo haraka.

Kutoka nyuma ya makuti nikasikia sauti ya mwenzangu: "Ngoma! Umeshusha na ngoma! Zirudishe!"

Nikaelewa papo hapo. Katika kinanda kile kila kitufe cha ngoma ni chombo kingine. Ukiishusha ngoma haiwi nzito, inakuwa kitu kingine kabisa. Nikazipandisha ngoma peke yake zikarudi mahali pake, nikaacha fidla, filimbi na besi chini. Nikamtazama shangazi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa akicheka na wale wanawake, mkono kiunoni, kana kwamba yeye ndiye aliyepanga mchezo ule.

"Bismillahi," akasema. "Piga."

Vumi lilipoingia na kule kuchelewa kwake, kicheko kilikatika. Wakubwa ndio waliosimama kwanza. Nilimwona bibi yule aliyeuliza habari za pombe akijifunga leso, anaingia katikati. Shangazi akaanza kuimba, sauti yake ikiwa chini kidogo kuliko nilivyoizoea, na nzito, na nzuri zaidi. Kila watu walipomjia kumtunza pesa alirudia ubeti, akinipa ishara ya kidole, nami nikiurudisha wimbo nyuma bila pigo kukosekana. Nje ya makuti wanaume walikuwa wakipiga makofi. Ndani, duara la wanawake lilikuwa limekua hata likafika kwenye meza yangu, ikabidi niishike kompyuta kwa mkono mmoja isianguke. Sijawahi kufurahi namna ile na kuogopa namna ile kwa wakati mmoja.

Baada ya harusi hiyo shangazi aliacha kufunga dirisha. Asubuhi nikiondoka kwenda kazini alikuwa akinikumbusha, tangu mlangoni, kwamba wimbo fulani wa baba bado haujaingizwa, na kwamba filimbi yangu ya jana ilikuwa inaongea sana.

Muda si muda walikuja wanawake wawili kutoka Kisauni, wakabisha hodi wakitafuta nyumba ya ngoma ya kompyuta.

"Karibuni," shangazi akawajibu, akiwavutia mkeka. "Ngoma ni yangu. Kompyuta ni ya huyu."