Siku Waliyoishusha Boila ya Somili

Mzungu waliyemwita Bwana Ndevu hakuwa mtu wa maneno mengi, na asubuhi ile alisema machache kuliko kawaida. Alipanda juu ya gogo mbele ya kiwanda chake cha mbao, akavua kofia, akawaambia wafanyakazi kwamba msitu umekwisha. Miti iliyobaki ni michanga na serikali imekataa isiguswe. Mashine zimeuzwa. Boila inakwenda kwa mnunuzi upande wa Timboroa, na mahindi yakishavunwa kila mtu awe ameondoka, kwa sababu ardhi yenyewe inarudishwa kuwa msitu. Akavaa kofia, akashuka, akaingia kwenye gari lake.

Watu hawakutawanyika. Walisimama pale pale kwenye unga wa mbao, na mmoja mmoja wakaanza kumgeukia Walubengo, kana kwamba yeye ndiye angesema vingine.

Walubengo alikuwa mwasha moto wa boila ile, tangi kubwa la chuma la kuchemshia maji ambalo mvuke wake uliendesha misumeno na kupiga honi. Alipanda kutoka upande wa Kimilili akiwa kijana ambaye ndevu hazijamwota, akapita Eldoret, mji ambao wenyeji waliuita Sisibo. Siku hizo ulikuwa barabara moja ya vumbi, maduka ya Wahindi na magari ya maksai ya Makaburu. Hakupata kazi mjini. Mtu akamwambia huko juu, mbele ya Ainabkoi, kuna mzungu anapasua miti ya mitarakwa na anatafuta vijana wenye mgongo. Alikwenda kwa miguu. Alipofika palikuwa na mashine, mahema mawili na matope. Hakukuwa na jina.

Jina lilikuja lenyewe. Watu walisema wanafanya kazi somili, walivyolitamka neno la Kizungu la kiwanda cha mbao, wanalala somili, wanazaa somili, mpaka Somili ikawa kwao. Aliyejenga nyumba alijenga kwa magamba ya magogo, yale mabanzi ya nje yenye gome. Kanisa lilijengwa hivyo hivyo, na mvua ikinyesha lilinukia tarakwa hata mahubiri yakawa matamu. Walikuwa na timu ya mpira iliyowafunga watu wa reli kwao wenyewe, kule stesheni. Na mtu wa Somili akienda Eldoret, akikanyaga sakafu ya duka au ya hoteli, alikuwa haoni aibu kumwambia aliye naye: "Unaona hii mbao? Imetoka kwetu."

Hapo ndipo Walubengo alipomwoa Nekoye, na hapo ndipo Nangila, binti yao, alipozaliwa. Hapo pia walimzika mtoto wao wa kiume, nyuma ya kanisa.

"Baba Nangila," Nekoye alimwambia jioni ile, akipepeta mahindi bila kumtazama, "tutaenda wapi?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, ndiyo. Mimi nakuuliza wewe."

Walubengo alitoka nje akaenda kwa Kimeli.

Kimeli alikuwa msimamizi wa maksai, mtu mrefu asiyevaa viatu hata akipewa. Walikuwa marafiki tangu kiwanda kilipokuwa na msumeno mmoja. Mmoja alivuta magogo, mwingine akaulisha moto, na kila asubuhi walikunywa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kibuyu kimoja kabla ya kazi. Siku hiyo Kimeli alikuwa ameketi kwenye nira iliyovunjika, akichonga kijiti ambacho hakikuwa cha kazi yoyote.

"Wewe una Kimilili," alisema kabla Walubengo hajaketi. "Ukifukuzwa hapa unarudi kwa baba yako. Mimi nilizaliwa pale." Alielekeza kijiti kwenye kilima, kilichokuwa kimebaki visiki vitupu. "Baba yangu alichunga hapa kabla hata hawa hawajaleta mashine. Wakaja wakasema ni msitu. Wakaukata. Sasa umekwisha, wanasema nitoke nipishe msitu. Msitu gani, Walubengo?"

"Maneno yako ni ya kweli, rafiki."

"Ukweli wangu haunipi pa kuchungia ng'ombe." Alitupa kile kijiti. "Nitakuambia kitu. Wanaweza kunitoa mimi. Lakini ile boila haitakwenda kuimba kwa watu wengine."

Walubengo alidhani ni uchungu unaosema. Alimpiga Kimeli begani, kisha akarudi nyumbani.

Siku ya kuishusha boila ilianza na ukungu, ukaondoka, jua likawaka kali. Kilima cha Somili kilikuwa na mteremko mmoja tu uliofaa, wenye mawe na kona moja mbaya katikati. Chini ya kona palikuwa na korongo, na chini kabisa ndipo lori la mnunuzi liliposimama. Boila ilikuwa imelazwa juu ya magogo manne yaliyofungwa pamoja kama kitanda. Mbele walikuwa maksai wa kuelekeza. Uzito wenyewe ulishikwa na mnyororo wa nyuma, uliozungushwa kisiki kikubwa, na wanaume wakaulegeza kidogo kidogo ili kitanda kisikimbie. Mnyororo mmoja haukutosha urefu, kwa hiyo iliungwa miwili kwa pini ya chuma, nene kama kidole gumba. Aliyeunganisha alikuwa Kimeli.

Walubengo alitembea ubavuni mwa boila, mkono mmoja juu ya chuma. Hakuna aliyemwambia atembee hapo. Ilikuwa baridi. Katika miaka yote hakuwahi kuigusa ikiwa baridi hivyo.

"Legeza!" Bwana Ndevu alipiga kelele kutoka chini. "Pole pole!"

Kitanda kikasogea, kikalia juu ya mawe, kikasimama. Kikasogea tena. Jasho liliwatiririka wanaume kwenye mnyororo. Hakuna aliyeimba, ingawa zamani hata gogo dogo halikuvutwa bila wimbo.

Walipokaribia kona maksai walifunguliwa, na Walubengo alitazama nyuma kuona kama mnyororo umekaa sawa. Jua lilikuwa limepiga mahali pa kiungo. Aliona mafuta meusi yamepakwa mengi kwenye pini, mengi kupita kiasi, na katikati ya yale mafuta mstari mmoja mwembamba ukimeta. Alisogea akainama. Pini ilikuwa imekatwa kwa tupa, zaidi ya nusu, na sehemu iliyobaki ilikuwa imeanza kupinda.

Aliinua macho, yakakutana na macho ya Kimeli, aliyekuwa amesimama kando ya kisiki na mjeledi mkononi. Kimeli hakugeuza uso. Alimtikisia kichwa polepole: nyamaza.

Walubengo alielewa yote mara moja. Kimeli alikuwa amechagua kona. Hapo uzito ungevuta kwa nguvu zote, pini ingekatika, boila ingetumbukia korongoni, na maksai wa mbele walikuwa wameshafunguliwa, kama ilivyopangwa. Asingeumia mtu. Lingebaki rundo la chuma korongoni, na Timboroa isingepata kitu. Na Walubengo, Mungu amsamehe, alihisi moyo wake ukisema: acha iende. Ife hapa ilipoishi.

Kisha akasikia sauti za wanawake.

Zilitoka chini ya kona, ndani ya korongo lenyewe. Alisogea ukingoni akachungulia. Wanawake wa Somili walikuwa wametoka kisimani na mitungi yao, wakaona boila inakuja, wakaketi kwenye kivuli cha ukingo wapate kuiaga. Nekoye alikuwepo. Jepkemboi, mke wa Kimeli, alikuwepo. Na Jeruto, binti wa Kimeli, alikuwa amekaa juu ya jiwe akimnyonyesha mtoto wake.

Mnyororo ulilia. Kitanda kiliteleza kidogo.

Angepiga kelele, wanaume wangeshtuka wakaachia mnyororo. Angewapungia wanawake mkono, wangedhani anawasalimu. Alipanda haraka hadi kwenye kisiki, akamshika Kimeli nguo kifuani, akasema kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio:

"Jeruto yuko korongoni. Na mtoto. Na mama yake."

Kimeli alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

"Unadanganya."

"Nenda uangalie, halafu uwazike."

Mjeledi ulianguka. Kimeli hakwenda kuangalia. Alikimbia kuteremka pembeni mwa boila, akaokota jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe, akalisukuma mbele ya gogo la kitanda. Walubengo alimfuata na jingine. Wale wanaume kwenye mnyororo waliuliza kuna nini, naye Walubengo akajibu bila kugeuka, kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya kawaida: "Shikeni hivyo hivyo. Msilegeze. Kuna gogo limelegea."

"Nyinyi wawili!" Bwana Ndevu alifoka kutoka chini. "Mnafanya nini hapo mbele? Tokeni!"

Hawakutoka. Kimeli alikuwa amepiga magoti akichimbia jiwe kwa vidole, huku akiita kwa lugha ya kwao, jina la binti yake, tena na tena, kwa nguvu sasa. Kule chini Jeruto alisikia. Alisimama. Nekoye akasimama.

Pini ikakatika.

Haikupiga kelele kubwa, ilikuwa mlio kama wa kijiti kikavu. Wanaume walianguka chali wote pamoja na mnyororo mtupu mikononi. Kitanda kiliruka mbele, kikagonga mawe, jiwe la kwanza likasagika. La pili likashika. Gogo la mbele lilijichomeka kwenye udongo, boila ikainama upande wa korongo, ikabaki hivyo, ikitetemeka, vumbi na mawe madogo yakimiminika ukingoni. Walubengo alikuwa ameusukuma mkono wake na lile jiwe la pili, na hakuwahi kuutoa wote. Aliona vidole vyake viko chini ya gogo, na kwa muda hakusikia maumivu. Alichosikia ni wanawake wakikimbia na mitungi ikipasuka.

Walimtoa kwa mtaimbo. Vidole viwili havikutoka naye. Nekoye alipanda korongo akitumia mikono na magoti, akavua kitambaa chake cha kichwa akamfunga mkono, akikaza kwa meno, bila kulia. Kilio kilikuja baadaye.

Bwana Ndevu alifika akihema, uso mwekundu. Alichukua mnyororo, akatafuta kiungo. Nusu moja ya pini ilikuwa imerukia majanini, isionekane. Nusu ya pili ilikuwa kwenye kiganja kizima cha Walubengo, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza alichokishika walipomwinua.

"Nani aliunganisha hii?"

Kimeli alivuta pumzi, akafungua mdomo.

"Chuma kimezeeka, Bwana," alisema Walubengo. "Kazi ya miaka yote hii. Kimechoka."

Yule mzungu alimtazama kwa muda, akautazama mkono uliofungwa, akatazama boila iliyoning'inia. Labda aliamini. Labda hakutaka kujua. Akaagiza mnyororo mwingine.

Boila ilishuka jioni, nzima, ikapakiwa kwenye lori, ikaenda zake. Kimeli hakuwepo. Alikuwa amekaa nyumbani kwa Jeruto, amempakata mjukuu, na hakumwachia mtu mpaka mtoto mwenyewe akalia kwa njaa.

Hawakuzungumza kuhusu jambo lile mpaka siku ya kuhama, wakati mabati ya kanisa yalikuwa yameshatolewa na kila familia inafunga mizigo. Kimeli alikuja na ndama jike akamfunga kwenye mlango wa Walubengo.

"Sikuuzii wala sikupi deni," alisema. "Ulinistahi mbele ya watu."

"Sikukustahi. Nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo."

"Kwa nini basi hukunitaja?"

"Kwa sababu kabla sijasikia sauti za wanawake, mimi pia nilitaka ianguke."

Kimeli alikaa kwenye ngazi ya mlango. Wakakaa hapo wote wawili, ndama akilamba ukuta.

Baada ya hapo Walubengo alipata kazi Eldoret, kwenye kiwanda cha kukamua magome ya miti ya miwati kupata dawa ya kulainishia ngozi, kazi ya kufagia, maana mkono wake haukuweza kushika koleo vizuri. Aliishi na Nekoye katika lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika, chumba kimoja cha udongo kisicho na harufu ya tarakwa. Nangila aliolewa na mwalimu. Kimeli alijibanza kwa ndugu wa mkewe huko Ainabkoi na ng'ombe wachache tu alioruhusiwa kufuga.

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua fupi, walikutana sokoni wakaamua kupanda mlima kwenda kuona palipokuwa Somili. Askari wa msitu hakuwepo kwenye kizuizi cha njia. Waliingia. Miche ilikuwa imepandwa kwa mistari iliyonyooka mlima mzima, imewafikia kiunoni. Kaburi la mtoto wa Walubengo walilipata, maana Nekoye alikuwa ameliwekea mawe. Makaburi mengine hawakuyapata.

"Boila ilikuwa hapa," Kimeli alisema, akisimama kati ya mistari miwili.

"Hapana. Hapo palikuwa na banda la msumeno. Boila ilikuwa kule chini kidogo."

"Walubengo, mimi nilivuta magogo hapa miaka yote."

"Na mimi nililisha moto miaka yote. Ilikuwa kule."

Walibishana kwa ukali, wakapandisha sauti, wakapima kwa hatua, wakafukua udongo kwa ncha ya fimbo kutafuta majivu. Hawakupata jivu lolote. Mwishowe manyunyu yakaanza, nao wakashuka mlima, kila mmoja akiwa na uhakika wake.