Mlango Mkubwa wa Shule ya Waingereza

Historia ya ile shule ya Waingereza, pale juu mtaa wa Berea, ni nene kuliko godoro langu. Nimeikuta maktaba wiki hii, mlango mkubwa wa shule ukiwa kwenye jalada. Nimeipekua yote. Gavana aliyepanda mti yumo. Farasi wa mwalimu mkuu wa kwanza yumo. Sisi wa masomo ya jioni hatumo, hata mstari mmoja.

Mlango huo ni wa mbao nyeusi. Tembo wawili wangeusukuma kisha wakaomba maji. Hufunguliwa kwa mwanafunzi mara mbili tu, siku ya kuingia shule na siku ya kumaliza. Ndiyo desturi yao tangu enzi za Malkia. Sisi tulipita mlango wa jikoni, katikati ya masufuria, tukanuka kabeji kabla hatujafungua daftari.

Jirani yangu wa dawati alikuwa mama mmoja Mkongo, mjane, msusi wa saluni kule Sydenham. Mwaka wa pili hesabu zilimshinda. Akaniambia anaacha, vidole vimechoka, na kichwa iko nzito. Basi mdomo wangu huu usio na breki ukamjibu kwamba hata sisi wa jioni tukifaulu hutolewa kwa mlango mkubwa, kengele inalia, mwalimu mkuu anampa kila mtu mkono. Nikatandika na zulia jekundu. Yote nimeyatunga palepale.

Hakuacha. Alisoma miaka miwili mingine kwa ajili ya mlango ule, akajishonea gauni la kitenge la buluu, refu hadi kwenye vidole vya miguu. Kila nilipojiapiza kumwambia ukweli kesho, kesho yake alikuja na alama nzuri zaidi.

Siku ya vyeti, mchana, tulipewa vyetu ofisini. Amefaulu! Akatangulia ukumbini kuelekea mlango mkubwa, mimi nyuma nikiomba ardhi inimeze. Mlinzi, mzee mpole, alimweleza kwamba huo ni wa wanafunzi wa mchana. Sisi ni kule jikoni, kama siku zote.

Mama akanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.

"Na zulia, ndugu yangu?"

Akakusanya gauni lake mkononi lisishike mafuta ya masufuria, tukatokea jikoni. Tulipokuwa kwenye robot, zile taa za barabarani, tukingoja kuvuka, ndipo akasema tena.

"Bila uongo wako ningeacha. Lakini usinidanganye tena."

Sikumdanganya tena. Mwezi uliopita tumemzika.

Kanisani, binti yake alisoma maisha ya marehemu: alikozaliwa, vita alivyokimbia, vichwa alivyosuka. Siku ile ya vyeti binti hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo alisoma alivyosimuliwa na mama yake mwenyewe: kwamba alitolewa kwa mlango mkubwa, kengele ikilia, akikanyaga zulia jekundu. Watu wakapiga makofi. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Mjomba alikuwepo. Mjomba, tueleze."

Nikasimama. Mimi ninayeweza kumkuza panya mpaka akamuliwe maziwa. Kanisa zima likaningoja.

"Gauni lilikuwa la buluu," nikasema, nikaketi.