Maneno Ambayo Mama Hakuyasema

Kabla ya hayo yote, mambo yangu yalikuwa na utaratibu. Nilifundisha chuoni Iringa, na jioni niliandika kamusi ya Kisangu, lugha ya mama yangu: neno moja kwa kadi moja, kwa kalamu ya wino. Kila mwisho wa mwezi nilizipeleka kadi Rujewa, mama azikague. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima kanisani, kwa herufi kubwa za ubaoni. Maandishi ya mashine yalimshinda. Alisoma mwandiko wangu tu. Kwa hiyo kamusi ile ilitegemea vitu viwili: kumbukumbu yake na mkono wangu wa kulia.

Mkono ukaanza kutikisika. Kwa muda mrefu hakuna aliyegundua, kwa sababu kwetu mtu humpa mkubwa mkono wa kulia huku akiushika kwa wa kushoto, nami nikawa nawasalimu hivyo hata wanafunzi wangu. Nilisifiwa kwa adabu. Lakini mama alirudisha kadi ishirini, hakuweza kuzisoma.

Nilikwenda Mbeya kwa mfanyabiashara mmoja mzee mwenye asili ya Kihindi, aliyerithi kwa baba yake tiba ya jadi iitwayo Ayurveda. Aliutazama mkono bila kuugusa.

"Kahawa vikombe vingapi, Mwalimu?"

"Vinne."

"Na usingizi?"

"Ukija."

"Basi mkono unakusema kwa watu."

Akaniagiza niache kahawa, nile chakula kikiwa moto na kwa saa zilezile, nilale mapema, nijikande mikono kwa mafuta ya ufuta. Akanipa pia unga wa mbegu za jamii ya upupu, nusu kijiko katika maziwa. "Usizidishe," alisema. "Na hospitali uende." Hospitali sikwenda.

Unga ulipokwisha nilikuwa nimekwisha kuitambua mbegu ile. Ni mukuna, ambayo shambani kwangu Kilolo tunaipanda katikati ya mahindi ili kurutubisha udongo. Mkulima gani hununua kilichojaa ghalani kwake? Nilizitwanga mwenyewe, mbichi na maganda yake. Kwamba yule mzee huzichemsha kwanza kwa maziwa na kuzimenya, nililijua baadaye. Nusu kijiko kikawa kijiko, kijiko kikawa viwili.

Mkono ulitulia. Ulitulia mno, niliweza kubeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Kadi za kila siku zilizidi za jana yake. Chakula kilinichefua, nikasema mwili unajisafisha. Mara mbili nilisimama ghafla na chumba kikawa giza mchana. Sikujali, maana herufi zilikuwa zimenyooka.

Nilifika Rujewa na furushi la kadi. Mama akavaa miwani, akacheka.

"Siku hizi unaandika kama mtoto anayeogopa fimbo!"

Akasoma. Akaweka kadi moja kando, kisha nyingine, kisha tano kwa mpigo. Hakuwa akicheka tena.

"Baba, maneno haya ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Sijayasema. Wala sijapata kuyasikia."

"Uliniambia wewe mwenyewe, umekaa kwenye kiti cha kamba, karibu na dirisha langu."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Wiki nzima."

Alivua miwani, akanitazama kama anayemtafuta mtu ndani ya moshi.

"Mwanangu, mimi sijafika Iringa tangu tulipomzika baba yako."

Hata aliposema hivyo nilimwona bado: kanga mabegani, uso umeelekea dirishani, akinitamkia polepole ili niwahi kuandika.

Niliacha mbegu zile, nikaenda hospitali. Daktari alinieleza kwamba kilichomo ndani yake ni dawa kweli, na kwamba ikizidi humwonyesha mtu yasiyokuwapo. Mama alizipitia kadi zote, akaondoa mia moja na kumi na mbili. Mkono unatikisika tena, ingawa si kama zamani za kahawa. Sasa naandika kadi mbili kwa siku, na naziandika Rujewa tu, siku ninazokwenda kukaa na mama.