Kumpisha Mkubwa Kwenye Foleni ya Kompyuta

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Chumba cha kompyuta cha taasisi yetu pale Mwanza kilikuwa na baridi ya kugonganisha meno, na Mkuu wa Kitengo aliogopa vumbi kuliko wezi. "Hapa, mama, kila kitu kinasubiri zamu yake," akaniambia. Nikamwamini! Mimi nami.

Mashine zenyewe zilikuwa kompyuta nyingi zilizopangwa kabatini na kuunganishwa zipige hesabu kama moja, tuliziita klasta. Mtafiti hutuma kazi yake akiwa mezani kwake, inaingia kwenye foleni, na programu ya foleni ndiyo inaamua nani atangulie. Kuipangia vipaumbele ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Niliweka kanuni rahisi: aliyetumia mashine sana hupunguziwa alama, na kazi inayosubiri huongezewa kadiri inavyosubiri. Hata mnyonge, akivumilia, anafikiwa.

Baadaye akaja Mkurugenzi mpya, akaniita ofisini.

"Hii programu yako inajua mimi ni nani?"

"Haijui, bosi."

"Basi ifundishe."

Nikakataa, akaninunia. Nikadhani nimeshinda. Kumbe hakuwa na haja ya kugusa kanuni. Alikuwa anawapigia simu wanafunzi: "Nina kazi ya haraka, nipisheni kidogo." Nao, watoto waliolelewa wakaleleka, wanaziondoa kazi zao. Sasa foleni ya mashine si kama ya dirishani, kwamba ukimpisha mtu unabaki nyuma yake. Ukijitoa, alama zako zote za kusubiri zinafutika, na ukirudi unaanzia mkiani.

Kabula alikuwa mwanafunzi wa utafiti, binti wa Kisukuma aliyepiga goti kunisalimia hata mlangoni pa ofisi. Baba yake aliuza ng'ombe akaweka vizimba vya kufugia sato ziwani, upande wa Kamanga. Kuna majira maji ya chini, yasiyo na hewa, hupanda juu yakaua samaki waliofungiwa humo. Hesabu ya Kabula ilikuwa ya kukadiria siku ya maji hayo kupanda, ili baba yake awahi kuvua.

"Umejitoa tena?" nilimfokea.

"Mkurugenzi alipiga, mama."

"Si ungekaa kimya tu! Ilibaki kidogo iingie. Mashine haijui adabu, Kabula. Ukimpisha mtu, yenyewe inaona umeacha."

"Najua, mama. Sasa mtu mzima kama yule nitamwambiaje?"

Nikaenda kwa Mkurugenzi mwenyewe. "Sijamlazimisha mtu," akasema, akikoroga chai yake. Na kweli hakuwa amemlazimisha. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu, na mpaka leo hazijarudi.

Majibu ya Kabula yalitoka mchana mmoja, safi kabisa, siku imekadiriwa sawasawa. Ila siku yenyewe ilikuwa jana yake. Baba yake alikuwa ameshapiga simu kwamba sato wote wanaelea, matumbo juu. Kabula akayachapa majibu yake, akayakunja, akanishukuru. Akanishukuru, jamani! Kisha akaondoka, na masomoni hakurudi tena.

Nimestaafu. Ninyi vijana mnaniuliza nimejifunza nini, na naona mnataka neno la kuwatia moyo. Sina. Nilitunga kanuni ya haki, na watu wenye adabu ndio walioshindwa kuifaidi. Nikilala naiwaza, nikiamka naiwaza, na sijapata ningeirekebisha wapi.

Juzi nilivuka kwenda Kamanga. Kabula ana kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu karibu na kivuko, na watu walikuwa wamejipanga juani. Akaniona kabla sijajificha.

"Shikamoo mama! Jamani, mpisheni mama apite."

"Marahaba, Kabula. Niache nisubiri zamu yangu."

Lakini walikuwa wameshasogea wote, hata dada mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa amefika dirishani. Wakasimama pembeni wakinitabasamia, na Kabula naye anatabasamu, mkono ameunyoosha kupokea simu yangu. Ningewaambiaje? Nikapita.